Jina Langu Liko Ukurasa wa Tisa

Mwanamume ninayempenda alikuja kwetu Ngamiani Jumapili moja saa kumi alasiri, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, na mkononi ameshika bahasha ya kaki. Alikuja peke yake. Hakuwa na mjomba, hakuwa na baba mdogo, hata jirani wa kumsindikiza hakuwa naye.

Kwa mtu wa Tanga, bahasha inayoingizwa nyumbani kwa wazazi wa msichana ni barua ya posa, hakuna tafsiri nyingine. Na barua ya posa huletwa na wazee, watu wenye mvi na maneno ya kuzunguka. Mposaji mwenyewe siku hiyo hubaki kwao akitafuna kucha. Huyu wangu alikuwa anakuja kwa miguu yake, tena anatabasamu.

Nilimwona kupitia dirisha la jikoni, nikaacha kukuna nazi.

"Mama, Mudathir huyo anakuja."

"Mudathir yupi? Yule wa wadudu?"

"Yule yule."

Mama yangu, Bi Mwamvua, alichungulia, akaiona bahasha, akajifuta mikono kwenye kanga. "Na wazee wake wako wapi?"

"Sijui, mama. Wallahi hakuniambia kitu."

"Haya. Leo tutayaona. Baba yako yuko barazani na hajalala mchana."

Ngoja kwanza niseme nilivyompenda, maana bila hivyo mtanicheka.

Mimi naitwa Zuwena Jumbe. Ni fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa bahari pale Raskazone: naosha, nachuja, naweka sampuli kwenye spiriti na kuandika lebo kwa penseli. Mudathir Shekhe ni mtu wa Mkwaja, aliyeletwa kituoni na masomo yake ya uzamivu. Ana kope ndefu ambazo mwanamume hazimfai kitu, na ana tabia ya kuzungumza na vitu. Nilimkuta siku ya kwanza anaubembeleza mkono wa hadubini uliokwama. Kituo kizima kina hadubini moja nzima, kwa hiyo tuliitumia kwa zamu, na zamu zikawa zinapishana kidogo kidogo, leo dakika tano, kesho kumi, mpaka ikawa tunakaa wote wawili na mmoja anamsubiri mwenzake bila haraka yoyote.

Siku moja ya bamvua, maji yamekauka mpaka muundi wa mguu, nilikuwa Kigombe nikikusanya nyasi za baharini. Nikageuza gamba la chaza mfu, nikaona upande wa chini limefunikwa na utando mweupe uliotobolewatobolewa, ungedhani ni lesi ya gauni. Nilijua ni nini. Wataalamu wana jina lao refu. Sisi kituoni tunawaita wanyama-lesi. Kipande kisichozidi sarafu ya shilingi hamsini ni mji mzima. Kina vyumba mamia vya chokaa, kila chumba na mnyama wake, kila mnyama na mlango wake. Anafungua, anatoa nywele zake laini nje, anakula, akiguswa anafunga. Na katikati ya vyumba hivyo kuna walinzi, wasiokula wala kuzaa, ambao ni mdomo mtupu kama wa kasuku. Kazi yao ni kung'ata wadokozi.

Kwa ndugu zake wote walioandikwa vitabuni, kijimdomo hicho hutazama juu. Kwa huyu wangu kilitazama chini.

"Kimevunjika," Mudathir alisema.

"Hakijavunjika."

"Zuwena, kimevunjika. Gamba limebiringishwa na mawimbi."

Sikubishana naye. Nilikaa siku tatu nikahesabu vyumba mia mbili na kumi na viwili, mlinzi mmoja mmoja, wote wanatazama chini. Nikamwekea karatasi mezani. Alisoma, akainama kwenye hadubini, akakaa muda mrefu sana. Kisha akainua kichwa akanitazama mimi, na akanitazama vile vile, taratibu, kama mtu anayeogopa kugusa.

"Huyu hajawahi kuandikwa na mtu yeyote," alisema. "Na mimi nilikuwa namtupa."

Basi hapo nilikwisha. Wengine hupendwa kwa mashairi; mimi nilipendwa na mtu aliyekubali kuwa amekosea.

Mwaka mzima tulimshughulikia mnyama yule. Yeye aliandika maelezo, mimi nilichora michoro yote kumi na minne, kwa kalamu ya wino, hadi macho yakawa yanatoa machozi. Na moyoni nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa nimeomba nafasi ya uzamili, na chuo kikanijibu: lete andiko la kisayansi lililopokelewa na jarida, lenye jina lako miongoni mwa waandishi, kabla ya tarehe thelathini. Sikumwambia Mudathir. Nilitaka siku moja nimwekee barua ya chuo juu ya meza, nimwone anavyoruka. Kunyamaza kwangu huko nako kuna lawama yake, wala siikatai.

Jumapili ile ilikuwa tarehe kumi na nne.

"Shikamoo, mzee," nilimsikia Mudathir barazani.

"Marahaba. Karibu, keti. Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, mzee."

Mama alinivuta nyuma ya pazia la mlango, tukabana pumzi. Baba yangu, Mzee Jumbe, alikuwa mtu wa forodha pale Horohoro kwa miaka thelathini. Karatasi haimpiti. Hata risiti ya umeme huisoma mara mbili, na akikuta kosa humpigia mtu simu.

"Mwenyewe," baba alirudia. "Kwenu hakuna wazee?"

"Wapo, mzee. Ami yangu Haji yupo Mkwaja, hajambo kabisa."

"Hajambo. Na bado umekuja mwenyewe."

"Jambo hili niliona nilete kwa mikono yangu, mzee. Ni heshima kwa nyumba hii."

Mama alinifinya mkono. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba Mudathir hajui hata kidogo anachofikiriwa. Kichwa chake kilikuwa kimejaa bahari.

Baba alipokea bahasha. Akavua miwani ya kutazamia watu, akavaa ya kusomea. Akazitoa karatasi, akazihesabu kwa kidole.

"Kurasa kumi na moja," alisema. "Mimi nilimwandikia baba mkwe nusu ukurasa, na akanipa."

"Siyo barua, mzee. Ni andiko. Ni maelezo ya mnyama mpya wa baharini, aliyegunduliwa hapa hapa kwetu."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa. Baba Kiingereza anakijua; alikisoma kwenye fomu za mizigo maisha yake yote. Kidole chake kikapita mstari kwa mstari, kisha kikasimama.

"Zuwenae," alisoma. "Hii ni nini?"

"Ndilo jina lake, mzee!" Mudathir hakuweza kujizuia tena. "Nimempa jina la Zuwena. Kuanzia sasa dunia nzima itamwita hivyo, vitabuni, kwenye makumbusho, kila mahali. Sisi tutakufa, jina litabaki."

Niseme ukweli. Hakuna mwanamke duniani ambaye asingejaa moyo. Nilitaka kutoka nyuma ya pazia nimwambie baba aniozeshe siku ile ile.

"Mnyama gani huyu?" baba aliuliza.

"Mdogo sana, mzee. Anaota juu ya magamba."

"Anaota. Kama ukoga?"

"Siyo ukoga, mzee, ila... kwa mbali anafanana na ukoga."

"Zuwena ni jina la mama yangu." Sauti ya baba haikupanda, yeye hasira zake hushuka. "Amekufa ameshika tasbihi. Nikampa binti yangu jina hilo siku ya saba, mbuzi amechinjwa, nywele zimenyolewa, dua imesomwa na watu wameitikia. Wewe kijana umeupa ukoga jina hilo kwa idhini ya nani?"

Mama alijiziba uso kwa kanga, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka.

"Halafu kuna la pili," baba aliendelea, akarudi ukurasa wa kwanza. "Hapa juu wamejiandikisha watu wawili. Mudathir Shekhe, huyo ni wewe. Imakulata Mhina ni nani?"

"Ni mwalimu wangu, mzee. Dokta Imakulata, anayenisimamia."

"Vizuri. Sasa twende ukurasa wa tisa, huku kwenye maandishi madogo. 'Kimekusanywa na Z. Jumbe.' Pale Horohoro, kijana, mwenye mzigo huandikwa juu kabisa ya fomu. Wewe mwenye mzigo umemtia ukurasa wa tisa?"

Nilitoka nyuma ya pazia. Sikukumbuka hata kumsalimu.

"Mudathir. Jina langu liko wapi?"

Aliinuka, macho yakang'aa kwa kuniona. "Si hilo hapo? Ndilo kubwa kuliko yote."

"Nauliza kwenye waandishi."

"Haiwezekani, Zuwena." Alisema kwa upole, kama anayenifundisha. "Mtu hampi mnyama jina lake mwenyewe. Hakuna sheria inayokataza, lakini ni aibu, wataalamu watakucheka hadi uzeeni. Ukiwa mwandishi, mnyama hawezi kuitwa kwa jina lako. Ilibidi kuchagua moja."

"Ukachagua."

"Nikachagua lililo kubwa."

"Bila kuniuliza."

"Nilitaka iwe sapraizi."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. "Nani alihesabu vyumba mia mbili na kumi na viwili?"

"Wewe."

"Nani alichora?"

"Wewe."

"Nani alisema kijimdomo hakijavunjika, ukamcheka?"

"Wewe, Zuwena. Ndiyo maana mimi—"

"Ndiyo maana umenifanya pambo! Umenitoa kazini ukanivisha ua. Mimi sikuomba kuwa mdudu, Mudathir. Nilitaka kuandikwa kama mtu aliyefanya kazi." Machozi yalikuwa yameshanitoka na nikayachukia. "Chuo kinataka andiko lenye jina langu juu kabla ya tarehe thelathini. Bila hilo hakuna uzamili. Umeelewa? Hilo ndilo lililokuwa andiko langu."

Alibadilika rangi. "Hukuniambia habari ya chuo."

"Nilitaka iwe sapraizi."

Tulitazamana pale barazani, watu wazima wawili, wapumbavu kila mmoja kwa upande wake.

"Limeshatumwa?" niliuliza.

"Ijumaa," alisema kwa sauti ya chini.

Baba alizikunja zile karatasi akazirudisha kwenye bahasha, akamkabidhi. "Kijana, nina maneno mawili. Jina la mama yangu litoke humo. Na ukirudi nyumba hii usirudi peke yako, wala usirudi na bahasha."

Mudathir aliinama, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Kanzu yake ilikuwa imeloa mgongoni.

Jioni, tukichambua mchele, mama alinitazama nilivyokuwa naunyanyasa ungo.

"Unampenda?"

"Nimemkasirikia, mama."

"Sikukuuliza hilo. Mimi baba yako nimemkasirikia tangu mwaka wa tisini na tatu na chakula chake sijawahi kukichelewesha."

"Amenifuta, mama. Inakuwaje mtu ampende mtu kisha amfute?"

Mama alifikiri. "Labda alikutazama sana wewe akasahau kutazama kazi yako. Wanaume wengine hufanya kinyume. Sijui lipi ni bora. Mwulize mwenyewe, ukishapoa."

Sikupoa haraka. Jumatatu na Jumanne pale Raskazone tulipeana zamu ya hadubini kama watu wasiojuana kwenye foleni ya benki. Alikuwa akiniachia kiti kabla sijakifikia. Alikonda kwa siku mbili, au labda nilitaka kuona amekonda. Nilipokuwa naosha chupa nilihisi macho yake mgongoni, nikigeuka anatazama dirishani, huko barabarani kwenye bajaji, kana kwamba bajaji zina jambo geni.

Jumatano asubuhi alikuja kwenye meza yangu na simu yake mkononi. Alikuwa hajanyoa.

"Dokta Imakulata yuko hewani. Nimemwomba tuongee naye wewe ukiwepo. Nimewaandikia wahariri jana, nimeliondoa andiko."

"Umeliondoa?"

"Nimeliondoa. Usiniambie kitu kwanza." Akabonyeza kitufe ili sote tusikie, akaiweka simu kati ya chupa za spiriti.

"Mudathir!" Sauti ya Dokta Imakulata ilijaza maabara. Huyu mama nilikuwa nimekutana naye mara mbili tu, mtu wa maneno machache na viatu vya gharama. "Unajua ulichofanya? Linarudi mwisho wa foleni. Bila andiko hilo huna mahafali Novemba. Utangoja mwaka mwingine."

"Najua, dokta."

"Na sababu uliyoniandikia ni kwamba kazi siyo yako."

"Ni yangu nusu, dokta. Nusu nyingine ni ya Zuwena, na nusu hiyo ndiyo yenye ugunduzi. Nilimwondoa kwa waandishi ili nimpe jina. Nilidhani nampa zawadi kumbe namnyang'anya."

Alisema hayo huku anatazama meza. Nilishika ukingo wa sinki.

"Zuwena, upo hapo?"

"Nipo. Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Ile michoro nani alichora?"

"Mimi."

"Yote?"

"Yote kumi na minne, dokta. Na hesabu ya vyumba ni yangu, daftari ninalo."

Dokta alivuta pumzi tukaisikia. "Nilidhani ni michoro ya kituo. Sikuuliza, nikatia jina langu, na mimi humo sikufanya zaidi ya kunyoosha Kiingereza. Basi nitoeni. Mtanishukuru kule mwishoni, inatosha. Andikeni wenyewe wawili. Lakini kama mnaanza upya, anzeni vizuri: nataka kielelezo cha pili, kikiwa hai, na mlinzi wake achorwe akiwa anafunga mdomo. Mna siku ngapi?"

"Kumi na tatu," nilisema.

"Bamvua lini?"

"Keshokutwa, dokta."

"Basi mnaongea na mimi mnafanya nini?" Akakata.

Tulibaki wawili. Feni ilikuwa inalia juu.

"Mwaka mzima, Mudathir," nilisema hatimaye. "Umetupa mwaka mzima wa maisha yako."

"Sikuutupa." Aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi Methusela anatoa gari. Utakuja?"

"Nitakuja kwa ajili ya kazi."

"Najua. Na mimi ndivyo nilivyouliza."

Ijumaa maji ya Kigombe yalikauka mpaka mbali. Methusela, dereva wa kituo, mtu wa Lushoto asiyeipenda bahari hata kwa picha, alibaki ndani ya gari na redio yake ya nyimbo za kwaya. Sisi tuliingia, mimi nimefunga kanga juu ya suruali, yeye amekunja miguu ya suruali mpaka magotini, kila mmoja na ndoo yake. Tuligeuza magamba saa nzima bila kusema. Gamba la kwanza tupu. La kumi tupu. La arobaini lina lesi, lakini ni ya wale wa kawaida wanaotazama juu.

Jua lilikuwa limeshaanza kuuma shingo. Maji yangerudi baada ya saa moja. Tusipompata leo, bamvua nyingine inakuja baada ya tarehe thelathini.

"Zuwena."

Alikuwa amechutama hatua kumi kutoka kwangu, hatikisiki. Nilimfuata nikipasua maji kwa magoti. Mkononi alikuwa na kipande cha chaza, amekizamisha kwenye maji ya ndoo, na alinipa kioo cha kukuzia bila kusema alichoona. Alitaka niseme mimi.

Nilitazama. Vyumba. Milango. Kisha, taratibu, nywele zikaanza kutoka mlango mmoja mmoja, nyeupe, laini, mji mzima unaamka. Na katikati yao walinzi, midomo chini.

"Ndiye," nilisema, na sauti ikapasuka.

"Una hakika? Huenda vimevunjika."

Nilimpiga begani. Akacheka, nikacheka, na kicheko kile kiliondoa siku tano zote kifuani mwangu. Tulikuwa tumechutama uso kwa uso juu ya ndoo moja. Niliona chumvi kwenye zile kope zake za bure.

"Nisamehe," alisema. "Siyo kwa jina tu. Nilikupenda nikasahau kukuuliza. Nitakuwa nakuuliza."

"Na mimi nitakuwa nakwambia," nilisema. "Nilikuficha chuo mwaka mzima nikijiona mjanja. Haikuwa haki usijue."

"Sasa mnyama ataitwa nani? Wewe ndiwe mwandishi wa kwanza. Chaguo lako."

Shetani akanipanda. Sijui kama ni shetani au ni kile kidonda kilichokuwa bado hakijafunga vizuri.

"Nataka nimpe jina lako," nilisema.

Tabasamu lilimtoka usoni. Alijua maana yake kama nilivyoijua mimi: mnyama akiitwa kwa jina lake, yeye hatakuwa mwandishi. Mahafali ya Novemba yamekwenda, na ya mwaka unaofuata yatakwenda pia. Niliona anahesabu.

"Mpe," alisema.

"Unatania."

"Sitanii. Kama ndivyo unavyotaka, mpe. Mimi nitaandika kitu kingine. Bahari ni kubwa."

Nilimtazama vizuri. Nilitafuta mahali ambapo anasubiri nimsihi, sikupaona. Alikuwa ameshika ile ndoo kwa mikono miwili, anajikaza maji yasimwagike, na alikuwa ameshakubali. Nikajua kwamba mtu huyu nitakaa naye nyumba moja mpaka nizeeke.

"Ataitwa kwa Kigombe," nilisema. "Kwa pahala pake. Kigombensis. Na wewe kaa hapo hapo ulipo, jina lako baada ya langu. Usisogee."

"Sisogei," alisema, na mkono wake, baridi na wenye mchanga, ukaufunika wangu kwenye ukingo wa ndoo. Methusela akapiga honi mara tatu. Maji yalikuwa yanarudi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameyaona.

Tulifanya kazi siku nne mfululizo, macho yamevimba. Nilichora mlinzi akifunga mdomo, mara sita, mpaka akafunga kweli. Jumatano tukalituma. Alhamisi jarida likajibu kwamba limepokelewa, na saa ile ile nikawapelekea chuo. Mambo ya kukubaliwa au kukataliwa yako mbele bado, siyajui. Lakini nimeshagonga mlango kwa jina langu.

Jumapili, tarehe ishirini na nane, nilimkuta baba barazani nikamwekea karatasi mapajani. Bila bahasha.

"Huyo kijana yuko wapi?"

"Ulimkataza kuja peke yake, baba."

"Nilimkataza." Akabadili miwani. "Jina la mama yangu?"

"Limetoka. Anaitwa kwa Kigombe."

Alipekua mpaka ukurasa wa tisa, akasoma maandishi madogo, akarudi mbele. Akasoma tena. Nilisimama pale nimefumbata mikono kama msafiri ambaye mzigo wake unakaguliwa. Kisha akakisogeza kidole mpaka juu kabisa, chini ya kichwa cha habari, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama alivyokuwa akisoma fomu.

"Zuwena Jumbe na Mudathir Shekhe."

Nilitoa pumzi. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia majina hayo mawili yakitajwa pamoja na mtu mwingine, tena na yeye.

Mama alikuwa jikoni. Alijua fika ni karatasi gani ile. Nilikuwa nimemwonyesha yeye kwanza. Akatoa kichwa mlangoni, uso mkavu kabisa.

"Kadi ya harusi ya nani hiyo mnayoisoma? Mbona hamjataja tarehe?"

Nikataka ardhi inimeze. Baba alimtazama mama, akanitazama mimi juu ya miwani, akaitazama tena ile karatasi. Mtu huyu alimsahihisha kila mtu maisha yake yote, hata imamu. Nilingoja aseme kwamba siyo kadi, ni andiko la mdudu. Hakusema. Alizilinganisha kurasa kwa kuzigonga mapajani, polepole, pembe kwa pembe.

"Zuwena," alisema, "watu wakitoka Mkwaja asubuhi, hapa hufika saa ngapi?"